Sakafu ya Mama

Kila mwaka wanakuja watu na kamera. Wanasimama getini, wanapiga picha kibao, halafu wananiuliza siri ya mafanikio yetu. Siri gani? Ingekuwa siri, shangazi yangu angekuwa ameshaitangaza mtaa mzima. Nikiwaambia tulianza na uwanja uliotazama upande usiofaa, wanacheka, wanadhani natania. Kisha wanakwenda kuandika kwamba marehemu baba alikuwa mtu wa maono. Maono! Baba yangu aliona nyasi, basi. Mengine aliyaona Mama, na yalimuuma.

Baba alikuwa mkata nyasi wa klabu ya gofu, ile ya wakubwa. Aliondoka nyumbani kabla jua halijatoka, maana nyasi za gofu hukatwa mapema, wachezaji wasije wakakuta mashine inanguruma. Mchana yuko nyumbani, ananuka petroli na majani mabichi. Harufu ile ikinipita barabarani hadi leo nageuka kumtafuta. Alizijua nyasi kuliko alivyotujua sisi. Alikuwa anainama, anashika jani moja, anakwambia hili lina kiu. Mimi nikiwa na homa, jamani, mpaka aambiwe.

Klabu ilipouzwa, wenye mali wapya walikuja na watu wao. Baba akaitwa ofisini, akapewa mkono wa kwaheri, akaulizwa kama kuna kitu angependa kuondoka nacho kwa ajili ya kumbukumbu. Mwingine angeomba saa ya ukutani. Baba aliomba mipira iliyozama bwawani. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Yote chukua, mzee." Hawakujua wamesema nini. Tuliingia bwawani wote wanne, Baba, Mama, kaka yangu na mimi, maji kiunoni, tunapapasa tope kwa vidole vya miguu. Mama alikuwa anaimba nyimbo za ibada. Akikanyaga mpira anasema, "Asante Mungu." Akikanyaga jiwe anasema, "Nisamehe Mungu," kwa sababu kuna neno jingine lilikuwa limemtoka kwanza. Tulirudi na magunia ya mipira, na Mama akaikosha kwenye beseni kwa mswaki wa zamani, mmoja mmoja, akiigeuzageuza kama vikombe vya wageni.

Kiwanja tulikuwa nacho. Kirefu na chembamba, upande mmoja ukuta wa ghala, upande mwingine mtaro, mbele barabara. Hakuna aliyekitaka, ndiyo maana tulikipata sisi. Mwisho kabisa, mbali na barabara, kulikuwa na nyumba yetu.

Na hapa nisikilizeni vizuri, maana bila nyumba ile hamtaelewa kitu. Mama alikaa vyumba vya kupanga tangu aolewe. Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa anatuhesabia ndoo za maji, na asubuhi anauliza nani kacheka usiku. Mama akaapa. Matofali alifyatua mwenyewe, kaka yangu akiwa mgongoni. Ilikuwa sebule, vyumba viwili na jiko, si kasri. Lakini sakafu! Sementi nyekundu, aliyoisugua kwa nta kila Jumamosi mpaka ukiinama unajiona pua. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, hata mgambo wa mtaa aliyekuja kutufokea kuhusu mtaro. "Mungu akitaka kunichukua," Mama alikuwa akisema, "ajue ataanzia kunitoa hapa."

Wazo la Baba lilikuwa uwanja wa mazoezi. Mtu anasimama kwenye mkeka, ananunua ndoo ya mipira, anaipiga kwenda mbali mpaka hasira za kazini zimwishe, anakwenda zake. Shangazi, dada yake Baba, alikuja mbio.

"Yaani watu wazima walipe, wapige mpira, halafu nyie mkauokote?"

"Ndiyo, dada."

"Wifi, unasikia haya? Mumeo kachanganyikiwa na wewe umenyamaza!"

"Mungu hamtupi mja wake," Mama akasema.

"Hamtupi, sawa. Na mja akijitupa mwenyewe?"

Tuling'oa mawe mpaka mikono ikawa kama ya mafundi. Tulipanda nyasi shina kwa shina, tukachota maji mtaroni kwa ndoo, tukawafukuza mbuzi wa jirani. Kuna wiki tulikula uji asubuhi na jioni, na Baba akiulizwa anasema nyasi zimekula vizuri. Kila asubuhi, kabla hatujashika jembe, Mama alisimama katikati ya uwanja na kuomba kwa kifupi, maana alisema Mungu naye ana kazi zake. "Bwana, nyasi zako ni hizi, watu wako ni wale. Wakutanishe. Amina." Nikikumbuka miguu yetu minane kwenye ule umande, wote tumeinamisha vichwa na kaka yangu anasinzia, natamani turudi tukae pale hata dakika moja. Tulikuwa hatuna mbele wala nyuma, na sikumbuki kama nilikuwa na huzuni.

Mikeka Baba aliiweka upande wa barabara, ili mteja akishuka tu garini aanze kupiga, akielekeza mipira ndani, kwetu. Mbele ya nyumba tukasimamisha wavu mrefu. Siku ya kufungua, Baba alivaa suti yake ya harusi, ambayo vifungo vilikuwa vimeshakataa kazi. Watu walikuja jioni, wakitoka makazini. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, mtu mnene mwenye sauti nzito, ambaye Baba aliwahi kumwokotea fimbo yake ya gofu kule klabuni. Akapanga miguu, akapiga. Mlio ulikuwa mtamu sana.

"Umekwenda wapi?" akauliza.

"Mimi sikuuona," akasema mwenzake.

"Na wewe?"

"Hata. Si wewe uliyepiga?"

Mwingine akapiga, akaweka kiganja juu ya macho. Mwingine akapiga na kufumba macho kabisa. Ikawa uwanja mzima watu wanaulizana, umeuona, sijauona, wa kwangu uko wapi. Daktari akamvuta Baba pembeni. "Mzee, nyasi zako ni zulia. Lakini mbona umetupanga tutazamane na jua?"

Baba akapanda kwenye mkeka, saa kumi na moja na nusu jioni, akatazama uwanja wake. Machozi yakaanza kumtiririka, si ya uchungu, ya mwanga. Miaka yote ile aliyafanya mambo ya gofu asubuhi. Hakuwahi kukaa klabuni jioni hata siku moja. Wachezaji wengi aliwajua kwa alama za viatu vyao walizoacha kwenye nyasi jana yake. Jua la jioni la gofu lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia, na hakuna ambaye angefikiri anahitaji kuambiwa.

Tulijaribu. Tukaazima kofia zenye kingo pana. Wateja wakazivaa wakawa wanaona viatu vyao tu. Tukatundika turubai jeusi juu ya milingoti, upepo ukaja siku hiyo hiyo ukalipeleka kwenye paa la ghala. Kwa nini msipige asubuhi, Mama akawauliza wateja, nao wakamwambia kwa adabu kwamba asubuhi wana mabosi. Wakaanza kupungua. Kiwanja kilikuwa chembamba, hakikubali watu wapige kwa upana, kwa hiyo dawa ilikuwa moja, kukigeuza. Watu wasimame mwisho kule, jua liwe mgongoni, wapige kuelekea barabarani. Lakini wakisimama mbele ya nyumba, hata wavu ukihamishiwa barabarani, mpira unaobahatika unauvuka unatua kwenye vioo vya magari. Baba alipima kwa kamba, akapima tena. Zilipungua hatua chache tu. Hatua hizo ndizo zilizokaliwa na nyumba.

Hakumwambia mtu. Alikunja kamba akaja kula, akatutangazia kwamba kuna shule inatafuta mkata nyasi na kesho anakwenda kuomba kazi.

Mama aliweka kijiko chini. "Baba Watoto, nyumba ikitoka, uwanja unatosha?"

"Sijasema hivyo."

"Sikukuuliza umesema nini. Nimekuuliza unatosha?"

"Nyumba hii siigusi!" Baba akapiga meza. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba. "Umeifyatua kwa mikono yako. Nitapita vipi hapa ilipokuwa, nikienda kulala? Bora nikakate nyasi za watu mpaka nife."

Basi ukawa ugomvi wa ajabu, mwenye nyumba anataka ibomolewe, na mwenye uwanja anaitetea. Mimi na kaka tulitazamana, hatujui tumshangilie nani.

"Nisikilize," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nimeomba miaka yote upate kazi yako mwenyewe. Sasa Mungu amejibu, yuko mlangoni. Nimwambie asubiri nje kwa sababu nimepaka sakafu nta?"

Baba akafunika uso kwa mikono. Mama akainuka akaanza kutoa vyombo mezani, na ndivyo tulivyojua kwamba amekata shauri.

Shangazi alifika asubuhi ya kubomoa na akaanza kulia tangu barabarani. "Wifi! Uliona wapi mwanamke akabomoa nyumba yake kwa mikono yake?"

"Ndiyo maana nimemwita fundi," Mama akajibu.

Hata Shangazi alicheka, halafu akakasirika kwamba amecheka. Mama alikuwa ameamka mapema akafagia nyumba nzima, akapiga deki, akasugua nta sakafu yote, siku ambayo wala haikuwa Jumamosi. Nilimwona. Nilitaka kumuuliza anasafisha nini, nikaishia kumshikia ndoo. Mabati yakashuka, misumari tukainyoosha kwenye jiwe kwa kazi nyingine. Kuta zikaenda upesi mno. Mtu anakaa miaka anafyatua, na fundi na nyundo yake kabla ya chakula cha mchana amemaliza. Mama alikuwa anapokea matofali mazima na kuyapanga, anamtania fundi, anawapa watu maji. Hakutoa chozi. Fundi alipoinua sururu aanze na sakafu, ndipo aliposema, "Hiyo iache. Wapigie hapo."

Kwa hiyo sakafu ilibaki, na kimo cha tofali moja la kila ukuta, kutenganisha nafasi za wapigaji. Sisi tukahamia stoo ya mabati kando ya ukuta wa ghala, wanne na mashine ya kukata nyasi, na nguo zetu zikanuka petroli hadi kanisani. Nyumba nyingine ilikuja, ndiyo. Ilikuja baada ya miaka mingi, nikiwa nimeshaolewa. Ina vigae na dari, na Mama alikaa humo kwa shukrani hadi mwisho wake. Vigae hakuwahi kuvisugua yeye. Alikuwa anamwachia msichana wa kazi.

Lakini nataka kuwaambia jioni ile ya kwanza baada ya kugeuza. Daktari wa meno alikuja, na wenzake aliowaburuta shingo upande. Wakapita pembeni ya nyasi hadi mwisho, wakapanda kwenye sementi nyekundu. Kila mmoja akachagua mahali, wawili sebuleni, mmoja chumbani kwetu watoto. Daktari alisimama chumba cha wazazi, bila kujua ni chumba gani, na akapiga.

Tuliuona. Jamani, tuliuona! Jua likiwa nyuma yetu, ule mpira ulipanda mweupe, ukang'aa, ukakaa juu kama hauna haraka, ukashuka mbali kwenye nyasi za Baba. "Paleee!" watu wakapiga kelele. Kaka yangu alirukaruka. Kila mpira uliofuata tuliusindikiza kwa sauti, hata mibovu. Baba alikuwa anacheka peke yake, anageuka kila upande kumtafuta Mama amwonyeshe.

Mama alikuwa amekaa chini, kwenye kona ya chumba kile kile, pale kilipokuwa kichwa cha kitanda chao. Kiganja chake kilikuwa sakafuni. Alikuwa analia, analia kweli, mabega yanatikisika. Baba akamwendea, na ile suti yake ya harusi aliyoivaa tena, imejaa vumbi, akachuchumaa.

"Mama Watoto. Nitakujengea nyingine. Nakuapia."

"Najua utajenga," Mama akasema. "Utajenga nzuri. Lakini leo niache niililie hii."

Baba alikaa chini kando yake na kunyoosha miguu, kama walivyokuwa wakikaa humo zamani kukiwa na joto. Daktari wa meno alikuwa ameshainua fimbo kwa mpira wa pili. Akawatazama, akatazama lile tofali moja la ukuta, na nadhani ndipo alipoelewa amesimama wapi. Akashusha fimbo. Akainama taratibu na tumbo lake, akavua viatu, akavishika mkononi, akainua ndoo yake ya mipira na kuwapungia wenzake.

"Twendeni jikoni," akasema kwa sauti ya chini. "Humu wenyewe wamepumzika."