Bolti Yenye Nukta Mbili

Kwa miezi minne Akida aliamini kwamba mikono yake imeharibika, kwa sababu aliyemwambia ni Ignas. Angesema mtu mwingine, angemtimua. Lakini yeye na Ignas walichimba dhahabu pamoja kule Geita miaka tisa, katika shimo moja, duara kwa lugha ya wachimbaji, wakipokezana mashine moja ya kutobolea mwamba, ile inayomtikisa mtu mpaka meno. Wangapi walitoka pale na vidole visivyotulia! Kwa hiyo Akida alipopeleka pikipiki gereji kwa Ignas, akilalamika kwamba usukani unatetemeka ajabu, na Ignas akaijaribu barabarani mara mbili, akashuka na kumwekea mkono begani, neno lake lilipokewa kama la daktari.

"Baba Ayubu, chombo ni kizima. Ni mikono yako, ndugu yangu. Ile mashine ya mgodini haikutuacha salama."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, bwana pamba wa enzi zile, mshauri wa wakulima, aliyezunguka nayo vijiji vya Kahama tangu mwaka sabini na nane. Tangi lilikuwa limepauka, lakini injini iliwaka kwa kiki moja. Ignas aliitamani tangu ujana. Hakuwahi kupita karibu yake bila kulipapasa lile tangi. Sasa alikuwa na huruma nyingi. "Itakuangusha siku moja na shemeji nyuma. Niachie mimi, uchukue ile yangu nyepesi." Akida akakubali. Walipatana aipeleke Ijumaa baada ya swala.

Hilo la pikipiki lingevumilika. Kilichomkaa Akida rohoni ni kisu. Pale mtaani Nyasubi, aliyekuwa na mnyama wa kuchinja alimwita yeye, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na mnyama hakuteseka. Mwezi uliopita mwanawe Ayubu alipata mtoto wa kwanza, Raudha. Siku ya saba mbuzi wa akika akaletwa uani, watu wakampisha babu mtu. Akida alikitazama kisu, akaitazama mikono yake, akamkabidhi jirani yao Abdulshakur. Alisimama ukutani, mikono mifukoni, mjukuu wake wa kwanza akichinjiwa na mtu baki. Nyama ile hakuila, kwa haya.

Alhamisi alimpeleka mkewe, Zuleha, kununua mchele Kagongwa. Alijua ni safari yao ya mwisho kwa pikipiki ile. Waliporudi, Zuleha alishuka akaanza kupigapiga miguu chini.

"Nyayo zimekufa ganzi, Baba Ayubu. Kila nikipanda hili dude siku hizi, hivi hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka kubadilisha oili kwa Ignas. Nilidhani ni uzee, nikanyamaza."

Akida aliiangalia ile miguu ya mkewe. Zuleha hajawahi kushika mashine ya mgodini hata siku moja.

"Mama Ayubu, nipe bakuli la maji."

Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gia huru, akaweka bakuli juu ya siti. Akaiwasha, kisha akarudi nyuma hatua tatu, akamwambia Zuleha avute mafuta. Polepole, maji yalitulia. Zuleha alipozidisha kufikia ule mwendo wa barabarani, maji yaliruka yakalowesha siti. Magurudumu yalikuwa yamesimama, kwa hiyo si tairi wala mnyororo. Na mikono ya Akida ilikuwa mbali, imekunjwa kifuani.

Akakoroga unga wa muhogo na maji, akaupaka kila mahali injini inaposhikana na fremu. Jua la saa nane likaukausha upesi. Zuleha akavuta tena. Chini unga haukuguswa. Juu, kwenye kishikizo cha kichwa cha injini, ulipasuka ukapukutika wote.

Alifungua pale. Ilitoka bolti nyembamba kuliko tundu lake, imezungushiwa kipande cha kopo la soda ili ijae na isigonge kwa sauti. Kichwani ilikuwa na nukta mbili.

Akida akakaa chini, vumbini. Kahama nzima ilizijua nukta zile. Kila bolti aliyoifunga, Ignas aliipiga nukta mbili kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, ili mteja akirudi na malalamiko ajulikane kama alipita kwa fundi mwingine. Mkono ulikuwa umezoea. Hata hila aliitia alama. Akida aliumia kuliko siku mwamba ulipomwangukia mguuni, na siku ile aliyembeba mgongoni kumtoa duarani alikuwa Ignas huyo huyo.

Ijumaa baada ya swala alifika gereji.

"Mwangaluka, Baba Ayubu!" Ignas alimsalimu kwa Kisukuma huku akicheka, akijifuta grisi. "Umeniletea mtoto wangu?"

Akida alikifungua kiganja, na ile bolti ikaonekana. Kicheko cha Ignas kikakatika.

"Ndugu yangu," alisema, "ni shetani tu. Niliipenda mno, nikajua ukiwa na afya zako hutaiachia kamwe. Lete niifunge vizuri, tuyamalize leo leo."

"Nimeshaifunga mwenyewe kwa bolti inayojaa tundu. Ni kazi ya dakika kumi." Akida aliusogeza mkono karibu na uso wa Ignas. "Tazama. Unatetemeka?"

Bolti ilikuwa imelala kiganjani, haisogei.

"Mkono huu ulikuwa mzima hivi hivi siku niliyompa Abdulshakur kisu. Raudha ameshachinjiwa, Ignas. Hiyo utanifungia kwa bolti gani?"

Aliiweka juu ya meza ya kazi, nukta zikitazama juu, akapiga kiki, akaondoka. Njia nzima hadi Nyasubi usukani ulitulia mikononi mwake, na hicho ndicho kilichomliza.