Mfereji Usiokuwa na Mlango

Daktari wa Mbarara hakuzunguka mbuyu. Alimwambia binti yangu Alida kwamba kondo la mtoto limekaa chini mno, limeziba njia, na kwamba hataweza kuzaa ila kwa kupasuliwa. Alitaka abaki karibu na hospitali mpaka siku aliyopangiwa. Alida akakataa. Ana watoto wawili wadogo, mume wake yuko Kikagate kwenye biashara ya mahindi, nani angewalisha? Nikasema nitawalisha mimi. Akaniangalia kwa jicho lile la ukaidi alilorithi kwangu, nikajua nimeshindwa.

"Basi sikilizeni," daktari akasema, na sasa alikuwa ananiambia mimi. "Damu ikitoka, hata tone, msingoje. Na gari lifike mpaka mlangoni. Asitembee, asitikiswe. Mpaka mlangoni, mama."

Shida ni kwamba Alida alikaa kwetu, na mlango wetu uko bondeni. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kutoka Burundi tulipewa kiwanja hicho wakati wa kiangazi, na wakati wa kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Kutoka barabara kubwa unateremka mteremko, unavuka kibonde cha udongo mweusi, halafu unapanda kidogo mpaka kwetu. Mvua ikinyesha, kile kibonde kinageuka uji. Mwenye baiskeli huibeba begani. Mgonjwa naye hubebwa mabegani, kwenye ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo watu wetu wamebebea wagonjwa na maiti tangu enzi za mababu.

"Binti yangu hatapanda ingobyi," mume wangu Patrice akasema tuliporudi na maneno ya daktari. Akauza mbuzi wake wote, akaita trekta kutoka Biharwe lije litutengenezee barabara.

Mwenye trekta aliitwa Yonatani, Mnyankole mmoja mnene mwenye sauti kubwa, aliyejifunza Kiswahili kwa askari wa kambi ya Makenke wakati akiwapelekea mchanga. Sikumpenda mwanzoni, kwa sababu alikunywa chai yetu yote. Lakini kazi aliijua. Alikwangua udongo mweusi mpaka akakuta ulio mgumu kidogo, akamwaga mawe makubwa kwenye kibonde, kisha akaleta changarawe, tela baada ya tela, akiisambaza kwa chuma kilichofungwa nyuma ya trekta. Katikati aliinua barabara kama mgongo wa ng'ombe, ili maji yamwagike pembeni. Halafu akapita juu yake na tela lililojaa, akienda na kurudi, mpaka changarawe ikashikana. Alida alikaa kwenye kiti mlangoni akiangalia, mikono juu ya tumbo. Alikuwa akicheka kila trekta lilipopiga honi.

Kazi ya mfereji iliachiwa sisi, kwa sababu mfereji huchimbwa kwa mkono. Yonatani alichomeka vijiti vya kupima upande wa juu wa barabara, akashuka navyo mpaka kibondeni. Pale akachomeka kijiti cha mwisho, akaweka chini bomba pana la plastiki.

"Mzee, sikia," akamwambia Patrice. "Maji ya mlima itakuja hapa. Wewe pitisha hii bomba chini ya barabara, maji itoke ile side ingine. Itoke kabisa. Ukifunga hapa, barabara inakufa. Umesikia, ssebo?"

Ile side ingine ilikuwa shamba la Kalume, jirani yetu Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini. Maharagwe yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Patrice aliyaangalia maharagwe, akaliangalia bomba, akasema amesikia. Yonatani akawasha trekta akaenda zake. Alikuwa na kazi nyingine inamngoja.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kuhusu mume wangu. Kwetu Burundi, kwenye vilima, mkulima hupimwa kwa mifereji yake. Mfereji mzuri ni ule uliolala sawasawa kukata mteremko, unaokamata mvua na kuinywesha ardhi polepole, usichukue udongo wa mtu. Anayeachia maji yake yashukie shamba la mwenzake huitwa mbele ya wazee wa kilima, na aibu yake huimaliza kwa pombe ya kunywesha watu wote. Patrice hakuwahi kuitwa. Baba yake hakuwahi kuitwa. Basi akachimba mfereji wa barabara kama alivyochimba mifereji maisha yake yote: umelala sawa, una mashimo ya kunywa maji, na mwisho wake umezibwa kwa tuta la udongo. Juu ya tuta akapanda matete. Bomba akaliegemeza ukutani, wajukuu wakawa wanapigia kelele ndani yake.

"Yule mtu alisema maji yatoke," nikamwambia.

"Yatoke yaende wapi? Kwenye maharagwe ya Kalume?"

"Mwombe Kalume."

"Nimwombe mtu nimwagie maji shambani kwake? Ana watoto saba, Gode. Ardhi itakunywa. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huu si ufa! Huu ni mlango, na wewe umeupiga msumari."

Akapigapiga tuta kwa bapa la jembe, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Sitasema uongo, ulikuwa mfereji mzuri kuliko yote kijijini. Watu walipita wakiusifu. Mvua ndogo za kwanza zikaja, mfereji ukazimeza, na Patrice akasimama juu ya changarawe yake kavu akiniangalia. Ningemrushia sufuria. Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu ikaja Jumamosi. Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Ilipokuwa saa tatu, mfereji ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, na maji yalikuwa yamesimama tu, hayana pa kwenda. Kwa juu barabara ilionekana nzima, nzuri, inang'aa. Lakini maji yalikuwa yakipenya chini ya changarawe, chini ya mawe, na ule udongo mweusi uliobaki huko chini ulikuwa unakunywa kweli, kama Patrice alivyotabiri.

"Mama," Alida akaita kutoka chumbani. Hakupiga kelele. Nilipoingia alikuwa amesimama, ameshika ukuta, na sakafuni palikuwa na damu.

Nilimlaza. Nikampigia simu dereva wa gari pale senta, ambaye tulikuwa tumepatana naye siku nyingi, na hakuchelewa, Mungu ambariki. Nilisikia gari likiacha barabara kubwa. Nikalisikia likiteremka, tairi zikisaga changarawe, sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Nikasema asante Yesu. Nikamwambia Alida, umesikia, hilo hapo. Kisha injini ikalia, ikalia tena kwa nguvu zaidi, na sauti ya changarawe ikakoma.

Nilitoka. Gari lilikuwa kibondeni, limezama mpaka tumboni. Ule mgongo wa ng'ombe ulikuwa umepasuka katikati, na tope jeusi lilikuwa linatoka ndani yake kama usaha.

Patrice na dereva walisukuma. Majirani wakaja, wakasukuma. Gari lilizidi kuzama. Nikasimama kwenye mvua nikamwambia mume wangu maneno ambayo mke haambii mume mbele za watu, na siyajutii. Alikuwa anaangalia mfereji wake.

Kalume akaja na jembe begani. Aliangalia maji yaliyosimama, akaangalia tuta lenye matete, akaangalia gari.

"Baba Alida, haya maji yote inangoja nini hapa?"

"Yangeingia kwenye maharagwe yako," Patrice akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni ile tu?" Kalume akashusha jembe. "Juu ya maharagi? Juu ya nini haukuniambia? Maharagi inaota tena, muzee. Mutoto ya mutu haioti!"

Akapiga tuta. Alilipiga kwa hasira, mara kadhaa tu, na tuta likaachia. Maji yalikata juu ya barabara kwa kelele, yakalizunguka gari, yakaingia shambani kwake, yakalaza maharagwe yote chini mpaka mpakani. Kalume hakugeuka hata kuyaangalia. Mfereji ukashuka upesi mbele ya macho yetu. Lakini barabara iliyokunywa maji tangu alfajiri haiponi kwa saa moja, na Alida hakuwa na saa moja.

Patrice ndiye aliyekwenda kuleta ingobyi. Tulimlaza Alida ndani, tukamfunika kwa turubai, na Patrice akashika mti wa mbele, Kalume akashika wa nyuma, na wengine wawili pembeni. Tulipita kibondeni tope likiwa magotini. Waliteleza mara mbili. Kila walipoteleza Alida aliuma nguo yake asilie, na mimi nilitembea pembeni nimemshika mkono, na nilikuwa naendelea kumtukana baba yake. Siwezi kukaa kimya nikiogopa. Ndivyo nilivyoumbwa.

"Mama," Alida akasema. "Usimgombeze baba."

Kwenye barabara kubwa tulingoja. Magari yalikuwa machache kwa sababu ya mvua. Hatimaye lori la matoke likasimama, na mbele palikuwa na nafasi ya watu wawili tu, yeye na mimi. Patrice alibaki barabarani, ingobyi tupu miguuni pake.

Mbarara walimpokea mbio. Walimpasua. Walimtoa mtoto, msichana mdogo mwenye nywele nyingi, analia. Alida alikuwa ameacha damu nyingi mno njiani. Walimwongezea, wakamwongezea tena, na kabla ya jioni akafa. Yule daktari wa kwanza ndiye aliyenijia. Sikumwambia kitu kuhusu gari. Aliangalia tope lililokauka miguuni mwangu mpaka juu ya magoti, akaelewa.

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa na mjukuu kweli kifuani, nimempakata usiku kucha, na nilikuwa naandaa maneno. Simu yangu ilikuwa imezimika. Nilijua nitakapoiwasha nitamwambia Patrice nini, na kwa mpangilio gani. Ningeanza na tuta. Ningemalizia na matete.

Asubuhi mlinzi mmoja akaniwekea chaji. Simu haikumaliza hata kuwaka vizuri, ikaita.

"Gode!" Patrice alikuwa anahema. "Tumetoa gari. Tumeweka bomba. Kalume ameleta Wakongomani wote wa kanisani kwake, wamebeba mawe vichwani, tumechimba tope lote likaisha, tumeinua katikati upya. Maji yanapita chini, yanatoka upande wa pili. Mvua imenyesha tena na barabara iko kavu, Gode, kavu! Waambie huko, wakimruhusu Alida, asiwe na wasiwasi. Gari litafika mpaka mlangoni."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni. Nilifungua kinywa. Nikasikia mkono wa mwanangu ndani ya mkono wangu, ulivyokuwa pale kwenye ingobyi, baridi, umelowa.

"Nimesikia," nikasema. "Mtoto ni msichana. Mzima."

"Mungu asifiwe. Na mama yake?"

Nilishindwa. Nilimpapasa mtoto mgongoni, nikashindwa tena.

"Iangalie vizuri hiyo njia, Patrice," nikasema mwishowe. "Tunakuja naye kesho."

Hakuuliza tena. Kwenye simu nilisikia mvua ya kwetu, na maji yakitiririka kwenye bomba.

Kesho yake dereva wa gari la maiti alisimama kwenye barabara kubwa, juu ya mteremko. Alikuwa ameambiwa habari za tope. Watu wa ingobyi walikuwa wamekwisha kusogea, miti mabegani. Mume wa Alida alikuwa amefika kutoka Kikagate, ameketi ukingoni mwa barabara, kichwa katikati ya magoti. Dereva akateremsha kioo akauliza kama wambebe kutoka hapo.

"Hapana," Patrice akasema. "Gari lishuke."

Alitangulia mbele ya gari kwa miguu, jembe mkononi, akikagua kila hatua, akisukuma pembeni kila jiwe lililojitokeza. Mimi nilikaa mbele na mtoto. Kibondeni, Kalume alikuwa amesimama katikati ya maharagwe yake yaliyolala, kofia kifuani. Maji yalikuwa yanapita chini yetu. Sikuhisi hata mtikisiko mmoja, mtoto hakuamka.

Gari lilifika mpaka mlangoni.