Waliokuja Kupokea

Bwana Venansi, anayenifundisha kazi ya kupanga usafiri hapa Mpanda, alinipa nichore upya maegesho ya bajaji nje ya stesheni. Nilichora vizuri, nasema mwenyewe. Niliangalia ni abiria wangapi hushuka kwenye treni, nikawapa nafasi ya kutosha, bajaji nazo nikazipanga foleni moja. Yeye aliutazama mchoro, akauliza tu, "Jumamosi utakuwa wapi?"

Nikamwambia nitakwenda kumpokea bibi yangu anayetoka Tabora.

"Sawa. Nenda na mchoro wako."

Maswali ya namna hiyo huniudhi. Mtu akiona kosa, si aseme?

Jumamosi tulitoka nyumbani Katumba kwenda stesheni mimi, mama, wajomba na majirani wa kanisani, maana bibi hapokewi na mtu mmoja kama kifurushi. Aliposhuka na begi lake dogo tulimzunguka, tukamkumbatia mmoja mmoja, tukauliza habari za kila ndugu, mama akaanzisha wimbo. Pembeni yetu kila abiria alikuwa amezungukwa vivyo hivyo. Bajaji zilipiga honi, hazina pa kupita.

"Emelyne, mjukuu wangu," bibi akasema, "tusogee basi, tumeziba njia."

Nilikunjua mchoro nitafute pa kuwasogeza. Nafasi ya bibi niliiona pale pale nilipoiweka. Sisi tuliokuja kumpokea hatukuwamo.