Watoto Watano wa Meja Bujiku

Meja mstaafu Bujiku Masalu alikuwa na watoto watano, na kila jioni, kabla ugali haujatengwa, aliwaita majina. Usidhani ni utani. Miaka thelathini na miwili ya jeshi ilikuwa imemwingia hadi kwenye mifupa. Hata mbuzi wake pale Kharumwa walijua saa ya kurudi zizini. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akaanza na kifungua mimba wake: "Noela!" "Nipo!" Salome, nipo. Eunice, nipo. Luka, nipo. Masalu, nipo. Ndipo watu wakanawa. Walipokua wakatawanyika, hakuacha; aliye mbali aliitikiwa na mama yao, Nyamizi: "Yuko kazini, salama."

Mkali? Mkali kwelikweli. Lakini ni huyohuyo aliyewasuka binti zake nywele mwezi ule mama yao alipolazwa, akawapeleka shule na mistari iliyonyooka kuliko ya msusi.

Miaka tisa iliyopita gema liliporomoka kwenye duara moja, shimo la wachimba dhahabu, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, na Luka alikuwa chini. Walifukua siku kumi na moja. Wenzake watatu walitolewa, yeye hakuonekana. Watu walipokuja na mikeka kuweka matanga, Meja aliwarudisha na mikeka yao. "Jeshini asiyeonekana haitwi marehemu," alisema. "Anaandikwa hajarudi." Tangu hapo, kila jioni aliita "Luka!", akasubiri kidogo, akajijibu mwenyewe, "Hajarudi," kisha akaendelea na Masalu. Nyamizi akaifunika sahani ya Luka, akaiweka kando. Majirani walisema mzee amechanganyikiwa. Noela naye aliwahi kudhani hivyo.

Mwezi uliopita, kitandani hospitalini Kolandoto, Meja alimshika Noela mkono.

"Mimi najua Luka yuko wapi," alisema, sauti imebaki nusu. "Na wewe unajua. Mama yako hajui, na asijue. Siku atakaposikia kwa kinywa cha mtu wa nyumba hii kwamba mwanawe amekufa, mtazika wawili. Niahidi."

Noela aliahidi. Nani angebishana na mtu anayevuta pumzi kwa kuhesabu?

Meja akafa, na kwa kuwa Noela ni mwalimu, akapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Aliandika yote: kuzaliwa, vyeo, kustaafu, pamba iliyoliwa na wadudu miaka miwili mfululizo naye akapanda tena. Akafunga hivi: "Ameacha mjane na watoto watano." Mwigulu, mdogo wake marehemu na msimamizi wa msiba, alivaa miwani, akaichukua kalamu, akakata.

"Wanne."

"Baba mdogo, baba mwenyewe alisema..."

"Baba yako alikuwa na jeshi lake. Mimi nina kanisa zima hapo nje. Nikubali tudanganye mbele ya jeneza? Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu."

Noela alibembeleza, akalia. Wapi! Mzee wa kanisa yule hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Karatasi ikaenda kwa Kapteni Bashiri, afisa kijana aliyetumwa na jeshi kuongoza mazishi, ikiwa na watoto wanne.

Saa tisa alasiri walikuwa kaburini. Jeneza lilifunikwa bendera, askari wamejipanga. Kapteni aliusoma wasifu vizuri, kisha akawaita watoto waweke mashada ya maua.

"Noela Bujiku!"

"Nipo!" Ilimtoka kabla hajafikiri, na watu wakacheka kidogo, wakajiziba midomo. Salome naye, nipo. Eunice, nipo. Masalu, nipo. Kapteni akaikunja karatasi.

"Hujamaliza," sauti ikasema kutoka mkekani. Alikuwa Nyamizi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

"Wameisha, mama."

"Umemruka Luka."

Niseme ukweli: Noela alifurahi. Neno la baba limesimama, tena bila yeye kumvunjia heshima baba mdogo. Kapteni, ambaye hakujua lolote, alinyoosha mgongo akaita kwa sauti ya uwanja wa gwaride: "Luka Bujiku!"

Hakuna aliyesogea na shada.

Sasa, kwetu jeneza halishuki mtoto akiwa bado barabarani. Watu wamekaa na maiti siku mbili wakingoja basi la Mbeya. Kwa hiyo Kapteni aliinama kwa adabu, akauliza ambacho mtu yeyote mwenye malezi angeuliza.

"Yuko njiani, mama? Tumsubiri?"

"Msubirini," Nyamizi akasema.

Wakasubiri. Saa kumi ikafika, ikapita. Walioijua habari waliangalia viatu vyao. Wasioijua waliangalia barabara ya Geita, na kila pikipiki ilipotimua vumbi, shingo ziligeuka. Mchungaji aliifungua Biblia, akaifunga. Baba mdogo Mwigulu, aliyekuwa hodari mbele ya karatasi, alikuwa anatafuta mfukoni kitu ambacho hakuwa nacho. Wingu likaanza kupanda upande wa Mwadui, na kaburi liko wazi.

Kapteni alimsogelea Noela. "Dada, ndugu yako amefika wapi?"

Noela alikuwa anamtazama mama yake, aliyenyoosha shingo kuelekea barabarani, uso umechangamka kama wa mtu anayemtarajia mgeni. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini baba alisubiri kidogo tu kisha akajijibu. Hakutaka mama abaki akingoja.

Akapiga magoti mkekani. Alijaribu kwanza neno la baba.

"Mama, hajarudi."

"Najua. Si ndiyo tunamsubiri?"

Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka juu ya bendera. Askari mmoja alitazama angani, halafu akamtazama Kapteni.

"Mama," Noela akasema, na machozi yakamtangulia, "Luka hayuko njiani. Luka amekufa."

Aliyasema hatua tatu tu kutoka kwenye jeneza la baba aliyemwahidi. Nyamizi hakupiga yowe. Alimgeukia binti yake taratibu, akauliza kama anavyouliza mtu yeyote aliyeletewa habari ya msiba.

"Lini?"

Noela aliutafuta ule mwaka kinywani, haukutoka.

"Leo, mama," akasema.