Darubini ya Ami Khalaf

Haya alinihadithia Rahila mwenyewe, mke wa Sleyum wa gari la maji, mwaka ule tulipokwenda kumkalia mwenzetu Turkiya eda ya mumewe pale Ibra. Wenzetu walikuwa wameshatawanyika, tumebaki na dele la kahawa lililopoa, na Rahila akaanza kusema polepole, kama mtu anayefumua mshono asichane nguo.

Ilikuwa themanini na nne, tende zishavunwa, Sikukuu Kubwa iko mlangoni. Alfajiri hiyo Rahila alikuwa uani kwao Al Qabil anakaanga maandazi, machache kuliko ya jana, maana dukani unga umepanda tena na mafuta yameufuata. Sleyum yuko chumbani, kapiga magoti mbele ya kasha, anatafuta risiti.

“Imo ndani ya kibweta,” Rahila akamwambia kutoka uani. “Chini ya kilemba chako cha harusi. Pale palipokuwa na bangili yangu.”

Sleyum akakifungua kibweta, akaitoa risiti.

Walipofika kutoka Unguja, na kasha moja la bati na Kiarabu cha kuchechemea, aliyewapokea ni ami Khalaf, binamu wa baba yake Sleyum. Khalaf ujanani aliwahi kuuza kahawa Darajani, akarudi kwao kabla mambo hayajaharibika, na Kiswahili chake kilibaki kile kile cha zamani. Aliwapa chumba uani kwake. Akaenda mbele ya liwali akasema, “Huyu mtoto wetu, namjua na babu yake namjua.” Kwa neno hilo Sleyum akapata karatasi, na kwa karatasi akapata kazi ya kuendesha gari la maji la baladia, yaani manispaa. Miaka ikapita, Sleyum roho inamwasha kwa kuwa hajamlipa mzee wema wake. Ndipo siku moja akaiona darubini ya bunduki katika kioo cha duka moja Bidbid, nyeusi, inang'ara. Akaja akamshawishi mkewe, bangili ikauzwa.

Hapo alikosea, na ni kosa la mtu aliyekulia Unguja. Hakujua kwamba wanaume wa kule hupiga shabaha kwa jicho tupu, na darubini juu ya bunduki kwao ni kama mkongojo. Tena ami Khalaf, pamoja na uzee wake, alikuwa akihesabu mbuzi walio mlimani ng'ambo ya bonde. Lakini zawadi haikataliwi. Na haifungiwi sandukuni pia. Hutumiwa mbele za watu, mtoaji aonekane katoa.

Basi Sikukuu Ndogo ya mwaka ule ule wa themanini na nne, jua la kiangazi linachoma, wanaume wakatoka kwenda kupiga nasaa. Nasaa ni jiwe jeupe linalowekwa mlimani, na desturi ni kwamba hakuna anayepiga mpaka afungue mpigaji mkubwa. Tangu watu wanakumbuka, mfunguzi ni Khalaf. Akaja na bunduki yake, darubini juu. Akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Ya tatu ikatimua vumbi mbali kabisa, na kijana mmoja akasema, “Mzee anawinda mbuzi wa jirani.” Watu wakacheka. Khalaf akailaza bunduki juu ya mkeka, akasema, “Macho yangu yamekwisha.”

Tangu siku hiyo bunduki ikatundikwa ukutani. Watu wakawa wanamshika mkono kumvusha mfereji wa falaji, wanamwelekezea kikombe kilipo. Yeye huwaachia.

Sasa, majuzi, Marzouq mwenye pikapu alikuja na habari. Darubini zile zote ni mbovu. Gundi inayoshika vioo huyeyuka juani, na zile nyuzi mbili nyeusi za ndani, za kulengea, huteleza. Watu wa Samail wamerudisha, wa Nizwa wamerudisha. Mtu wa kampuni kaja dukani Bidbid anawarejeshea pesa, na mwisho wake leo adhuhuri. Na leo leo, baada ya alasiri, wanaume watakaa sabla, baraza lao, waamue nani afungue nasaa ya Sikukuu Kubwa.

“Nitarudi na neno la kampuni,” Sleyum akasema, risiti mkononi. “Wasikie wote kwamba si macho.”

“Na pesa?”

“Na pesa. Utanunua bangili yako.”

“Lakini kitu umeshampa mtu. Utamwambiaje nirudishie? Mtu harudii matapishi yake, Sleyum.”

Hata hivyo alikwenda. Ami Khalaf alikuwa kakaa kizingitini, tasbihi mkononi.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana?”

Sleyum akamweleza, macho yake chini. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaifungua darubini kutoka kwenye bunduki kwa vidole vyake mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa.

“Ichukue kama unaitaka. Lakini macho ni yangu. Usende kuyaombea kwa mtu.”

“Siyaombei, ami. Nayadai.”

“Ni mamoja,” akasema mzee. “Haya, nenda, jua lisikukute njiani.”

Sleyum akapanda pikapu ya Marzouq; walipofika Ibra wakasimama baladia, akashuka kuomba ruhusa. Msimamizi wake, Hamdun, alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

“Ruhusa ya kwenda wapi?”

“Bidbid. Kurudisha kitu kibovu.”

“Kila mtu ana kitu kibovu nyumbani,” Hamdun akasema. “Wengine wamekioa kabisa. Nenda, lakini mshahara wa leo nakukata. Na wa sikukuu nao nitauangalia.”

Duka la Bidbid liko kando ya barabara, pale njia ya Ibra inapoachana na ya Nizwa. Wanaume walikuwa wamepanga foleni mpaka nje, kila mmoja na kifurushi chake kama watu waliokwenda kuzika kitu. Mbele ya Sleyum alisimama Amur, jirani yao wa Al Qabil, mtu wa maneno mengi, kaja kurudisha ya kwake. Ndani, nyuma ya meza, alikaa kijana wa kampuni, kanzu imepigwa pasi. Nyuma yake tena mfanyakazi kachuchumaa na nyundo. Kila darubini ikishapokelewa huwekwa juu ya jiwe, ikapigwa mara moja, vipande vikasukumwa ndani ya gunia.

Amur akafika mezani, akasema alichotakiwa kusema, huku anacheka, akapokea pesa zake, akakaa ubavuni kuwa shahidi wa anayefuata. Sleyum akasalimia kwa Kiarabu, na kijana, kwa ile lafudhi, akamjua kwao, akahamia Kiswahili.

“Shikamoo, ami. Mimi Nadhir. Sisi watu wa Wete.”

“Marahaba,” Sleyum akasema, moyo ukamtua. “Basi nimepata mwenyewe. Mwanangu, sikuja kwa pesa tu. Nataka neno lako moja, la mdomo au la kalamu, nende nalo kwetu: darubini hii ni mbovu.”

“Neno hilo hatunalo, ami. Kampuni haisemi mbovu. Inasema mteja hakuridhika.”

“Gundi inayeyuka juani, si ubovu huo?”

“Huko walikoitengeneza hakuna jua kama hili.”

“Basi wangeiuza huko huko.”

Wanaume wa foleni walioelewa wakacheka. Nadhir naye akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha.

“Hii inaitwa sulhu, ami. Sisi tunakupa nusu, wewe unatuachia darubini, maneno yamekwisha.”

“Sulhu baina ya nani na nani? Mimi nawe hatujagombana.”

“Ndivyo inavyoitwa.”

“Na nusu kwa nini?”

“Imeshatumika.”

“Imepigiwa risasi tatu, zote zikaenda kwa majirani.”

“Ami.” Nadhir akashusha sauti. “Pana jambo moja bado. Lazima useme mbele ya mashahidi kwamba mpigaji aliifunga vibaya. Ukishasema, nakupa haki yako.”

Sleyum akamtazama. “Aliyeifunga anafunga bunduki tangu baba yako hajazaliwa.”

“Najua. Wallahi najua. Mimi mtu wa mshahara, mama yangu ananitazama mimi. Jana alikuja mzee wa Samail, akalia hapa hapa ulipo. Akasema.”

“Na nisiposema?”

“Utarudi nayo. Nikishafunga leo, hazipokelewi tena.”

Sleyum akaishika darubini ndani ya kitambaa. Akawaza: nende nayo sabla, niiweke juani, kila mtu atazame nyuzi zinavyolala. Itatosha. Kisha akauona mkono wa Rahila ukigeuza maandazi, mtupu. Akaukumbuka unga, akamkumbuka Hamdun na kukata kwake. Akajiambia, si Marzouq yupo? Si foleni yote hii imeona? Mtu mzima ataaminiwa kwa ulimi wake.

Akasema. “Mpigaji aliifunga vibaya.”

Rahila aliniambia: Sleyum alikuwa hasemi Kiarabu sentensi nzima bila ya kuchechemea, na siku ile ilitoka imenyooka, kama aliyezaliwa nayo. Akapokea pesa. Nyuma ya meza nyundo ikashuka mara moja, na kile kioo kilichong'ara siku ile dukani kikawa chengachenga za chumvi.

Alasiri sabla ilijaa. Mikeka imetandikwa, tende ziko katikati, kahawa inazunguka. Ami Khalaf kakaa karibu na nguzo, na mtu kamwekea kikombe kiganjani kama anavyowekewa kipofu. Marhun, ambaye wengi walikuwa wakimtaja kuwa mfunguzi mpya, alikaa kwa adabu, hana kiburi. Maneno yakafika kwenye nasaa, na Sleyum akainua mkono. Kwa desturi yeye huwa hasemi sabla.

“Enyi jamaa,” akaanza, Kiarabu chake kikachechemea tena, vijana wa nyuma wakatazamana. “Ami Khalaf hakukosea. Darubini ilikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeileta. Leo nimeirudisha Bidbid.”

Kisha Marhun akasema kwa upole, “Tuletee tuione, ndugu yangu. Ikiwa hivyo, mimi wa kwanza kumpisha mzee.”

“Wameivunja.”

“Wamevunja?”

“Wanazivunja zote. Muulizeni Marzouq.”

“Marzouq yuko njiani na mzigo wa watu,” mmoja akasema. “Basi kampuni wamesemaje? Wamesema mbovu?”

Sleyum akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno, Amur akatia lake. Hakutia kwa ubaya. Mdomo wake ndivyo ulivyo, hauzuiliki.

“Lakini, Sleyum, si mbele yangu ulisema mzee aliifunga vibaya? Mimi ndiye shahidi.”

“Na wewe ulisema nini juu ya yako?”

Amur akatazama ndani ya kikombe chake. “Mimi nilisema vile. Tulisema sote.” Akapiga funda moja. “Lakini yangu niliifunga mwenyewe, nimejisema mwenyewe, na hapa simwombei mtu.”

Vijana wa nyuma wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema ile kauli ya siku zote, kwamba watu wa Zanzibar asubuhi wana neno na jioni wana jingine. Sleyum alikuwa kasimama katikati ya mikeka, hajui akae au atoke, na mikono yake imening'inia tu.

Ndipo ami Khalaf akaweka kikombe chini.

“Kijana kasema kweli Bidbid,” akasema. “Niliifunga vibaya. Mikono imezeeka pamoja na macho. Na hapa kasema uongo kwa kunionea huruma, na mtoto akimwonea baba yake huruma hapana wa kumcheka. Sleyum, kaa unywe kahawa.” Kisha akamgeukia Marhun. “Fungua wewe, Mungu akubariki. Pumua kwanza, ndipo uvute.”

Mambo yakaishia hapo.

Walirudi wawili, jua limeshazama, njia imeanza kuingia giza. Kwenye falaji Sleyum akanyoosha mkono kumvusha mzee kama watu wanavyofanya. Hapakuwa na mtu mwingine. Mzee hakuushika. Akaruka mfereji, mwepesi, akageuka.

“Angalia hapo mbele ya mguu wako,” akasema. “Pana jiwe.”

Sleyum akainama. Ilimbidi alipapase kwanza ndipo akaliona.

“Ami. Ulijua?”

“Tangu risasi ya pili.”

“Na ya tatu?”

“Ya tatu nilitumai nimekosea mimi.”

“Ungeifungua ukaitupa. Ungepiga kwa jicho lako.”

“Na jiwe la nasaa ningelipata,” akasema mzee. “Halafu wewe ungekuwa nani hapa? Mtu aliyeniletea uchafu mbele za watu sikukuu. Mimi nimeshapiga nasaa miaka yangu. Wewe bado unaingia.”

Wakaenda mpaka uani.

Rahila alikuwa kawatandikia. Mumewe akampa pesa, zimekunjwa, na yeye hakuuliza kama zinatosha bangili. Alimwona usoni. Akazitia kibwetani, chini ya kilemba, akafunga. Walikula wali na papa mkavu, wakasali isha. Ami Khalaf akatangulia kulala, kwenye kitanda chake cha kamba ng'ambo ya uani, kalala ubavu, mkono chini ya shavu. Sleyum akajinyoosha mkekani, akamhadithia mkewe yote, ya dukani na ya sabla na ya falaji, kichwa kakigeuzia ukutani, mpaka maneno yakamwisha na pumzi ikarefuka.

Kutoka upande wa sabla vijana walikuwa wakifanyia mazoezi nyimbo za sikukuu, na kila ubeti ulipoisha walilitaja jina la Marhun. Rahila akasikiliza, anajipapasa mkono pale bangili ilipokuwa. Ng'ambo ya uani mzee alikohoa kidogo, akatulia. Nyimbo zikapungua sauti moja moja, zikanyamaza, na Rahila naye akalala.