Kiuno Ni Nyumba Nzima

Miaka miwili niliswali juu ya kiti cha plastiki, na miaka miwili hiyo paji langu halikugusa mswala. Mimi Kulthum, niliyefundisha nusu ya watoto wa Mishomoroni kusujudu! Aibu hiyo ilinikera kuliko maumivu yenyewe. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni kiuno. Nikasuguliwa mafuta ya karafuu, nikaumikwa kwa pembe, wapi. Mwishowe binti yangu Hanan akanikokota hadi zahanati moja ya Mtopanga.

Mtaalamu wa viungo alikuwa Kafedha, msichana wa Kigiriama, mwembamba kama mwiko. Nilimdharau, sifichi. Aliniamkia kwa adabu, akauliza pananiuma wapi.

"Kiuno chaniuma, mwanangu."

"Mama, kiuno ni nyumba nzima. Nionyeshe chumba."

Nikaweka kiganja nyuma, juu kidogo ya makalio. Akanilaza, lakini mgongo hakuugusa. Alikunja goti langu la kulia, akauzungusha mguu taratibu. Nyonga ikagoma, na papo hapo mgongo ukawaka palepale nilipomwonyesha. Mkono wake ulikuwa mguuni, kilio kilikuwa mgongoni.

Akanieleza kwamba nyonga imekaza, kwa hiyo kila nikiinama mgongo unafanya kazi ya wawili. Kisha akauliza nakunaje nazi. Nikamwambia nakaa juu ya mbuzi kistaarabu, miguu yote upande mmoja, kama alivyonifunza mama. Upande gani? Uleule, miaka arobaini. Akasema huenda nyonga ilianza kukaza hapo.

Subhanallah. Mfupa umenibeba umri wangu wote, na sikuwahi hata kuujulia hali.

Alinipa mazoezi matatu, nami nikawa nabadilisha upande nikikuna nazi. Mwezi wa nne wa mazoezi, baada ya alasiri, nilisukuma kiti kando ili nisujudu sijida ya shukrani. Goti moja, la pili, viganja, kisha paji likatua. Niliogopa hata kupumua, kwa kustaajabu jinsi Mungu alivyoviunganisha viungo hivi.

Mume wangu Junaid akaingia kutoka msikitini.

"Hanan, njoo! Mamako amekwama."

Nilimsikia, nikazidi kukaa sijidani. Nilipoinuka, bila kushikwa na mtu, nilimkuta ameketi kwenye kiti changu cha plastiki, analia.