Habari Ziwafikie

Kwenye benchi letu la Busia, upande wa Kenya, mimi naitwa Serikali. Jina langu la ubatizo ni Fabiano Olweny, lakini siku hizi hakuna wa kuliita. Akello, mke wangu, aliyelijua kulitamka, nilimzika Nabuyoga miaka mitatu iliyopita, na binti yetu yuko mbali, hupiga simu Krismasi. Naishi chumba kimoja upande wa Uganda, mtaa wa Sofia. Kila siku baada ya chakula cha mchana navuka mpaka kwa miguu, napita pembeni ya trela zinazosubiri karatasi zao zigongwe mihuri, nakwenda kukaa mbele ya kibanda cha Egesa, fundi viatu. Hapo ndipo bungeni kwetu. Gazeti moja husomwa na watu kumi, kisha hubishana mpaka jua lipoe. Sitaficha: naenda kwa sababu chumbani hakuna wa kunibishia.

Jina la Serikali nililipata kwa sababu ya sauti. Miaka ishirini na saba nilisoma matangazo redioni Tororo: bei ya mahindi, amri za wakubwa, chanjo ya ng'ombe, na kuliko yote, tanzia. Huku kwetu mtu hajafa mpaka redio iseme. Wakulima wa Buteba walikuwa wakiegemea majembe kunisikiliza nikifika kwenye maneno "habari ziwafikie", kisha nikaanza kutaja ndugu wa marehemu mmoja mmoja, popote walipo. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo benchini, Emong aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mnaskia huyo mzee? Hiyo si sauti ya gava yenyewe?"

Wakacheka, nami nikapewa kazi. Bunge lazima liwe na pande mbili. Wao wote wakawa upande wa uvumi, mimi peke yangu nikawa upande wa taarifa rasmi.

Huyo Emong ni Mteso wa upande wa Kenya, zamani alikuwa akiwashughulikia madereva karatasi za forodha. Kwake hakuna jambo lililowahi kutokea kwa bahati mbaya. Sensa ilikuwa ya kuhesabu nani auzwe. Mvua ya mawe iliyovunja mihogo ya watu ilipikwa maabara. Mwamba wa Tororo, ule tunaouona tangu tuzaliwe, ndani una uwazi uliojaa ndege za vita. "Lisemwalo lipo," husema, "na kama halipo laja." Mimi nilikuwa na swali moja tu: "Nani aliona?" Hapo alikuwa akikwama, bunge linaangua kicheko, Egesa ananisogezea chai. Nilirudi Sofia nikiwa na furaha ya kijana. Kwa mtu anayelala peke yake, kushinda mabishano ni chakula cha jioni.

Halafu ikaja habari ya mtumbwi.

Mwaka jana mtumbwi wenye mashine uliotoka Majanji, ziwani upande wa Uganda, ulipinduliwa na dhoruba. Taarifa ilisema wamekufa watu kumi na mmoja. Niliisoma mwenyewe; ulikuwa mwezi wangu wa mwisho kazini. Benchini Emong hakuikubali hata siku moja. Kwake dhoruba haikuwepo. Palikuwa na meli kubwa ya wageni, ikawachukua vijana wenye nguvu, ikawapeleka kisiwa kisichoandikwa kwenye ramani wakachimbe dhahabu, na serikali mbili zikanyamaza.

"Kumi na mmoja ni kumi na mmoja," nilimjibu. "Nani aliiona hiyo meli?"

Alhamisi moja akaja Norah. Ni Msamia wa Majanji, mama wa makamo anayekausha samaki kwa moshi na kuwaleta sokoni. Alikuwa amesikia kwamba benchini pana watu wanaojua mambo ya mtumbwi. Akasimama na beseni lake kichwani, akasema mtoto wake wa pekee, Bwire, alipanda mtumbwi ule na hajarudi.

"Naliuliza ofisi ya Uganda, wakasema haiko kwa list. Nakwenda ya Kenya, wakasema wafu wa mtumbwi ni wa Uganda. Sasa mimi nasema, kama redio haikutaja yeye, basi iko hai."

Emong akamkaribisha kwa mikono miwili. Akamchorea kile kisiwa chake pembeni ya gazeti, na mishale. Lakini mama huyo hakumtazama Emong. Alikuwa akinitazama mimi. Aliitambua sauti.

"Ni wewe ulisoma," akasema. "Nalikaa karibu ya redio na roho mkononi. Ukataja moja, mbili, mpaka kumi na moja. Hukutaja Bwire. Mzee, Mungu akubariki."

Akateremsha beseni, akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akamfunga kwenye gazeti, akaniwekea magotini. Tangu hapo kila Alhamisi alileta samaki wa Serikali. Na kila Alhamisi aliniuliza lile lile, kama mtoto anayetaka kusimuliwa tena hadithi aliyoizoea.

"Walikuwa wangapi, mzee?"

"Kumi na mmoja, mama."

"Na wewe hukosei?"

"Kumi na mmoja ni kumi na mmoja."

Sasa niseme nililokuwa nalo. Chumbani Sofia, ndani ya Biblia ya Akello, kulikuwa na karatasi niliyoisoma siku ile. Ina majina kumi na mawili. La kumi na mbili limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa kwa mkono: Ana vitambulisho viwili. Si wetu. Apelekwe ng'ambo. Jina lenyewe ni Bwire.

Nani hapa mpakani hana vitambulisho viwili? Kimoja cha kuvulia samaki huku, kimoja cha kuuzia kule. Ukiwa hai, pande zote mbili zinakuita mwananchi. Bwire alipokufa navyo mfukoni, huku Uganda wakasema ni wa kule, kule Kenya wakasema amefia huku. Hapakuwa na meli wala dhahabu. Palikuwa na karani aliyetaka hesabu yake ikae sawa, akavuta mstari, akaenda kula. Mimi nilimuuliza bwana aliyeileta karatasi, "Huyu wa mwisho je?" Akaniambia, "Mzee, soma kilichobaki." Nikasoma kilichobaki, kwa sauti nzuri kabisa.

Si hilo tu. Baada ya kustaafu roho ilinisuta, nikavuka upande wa Kenya nikaulizia mochari. Mhudumu akafungua daftari: mwanamume, maji, vitambulisho viwili, hakuja mtu. Walikuwa wameshamzika kwenye makaburi ya wasio na wenyewe. Nilikwenda nikakiona kijiti chake, kimeandikwa namba arobaini na sita kwa rangi ya mafuta. Nikarudi nyumbani nikijiambia ndugu zake watakuja kuuliza, nitawaambia. Ndugu akaja. Akaniuliza mara kumi na tatu, na mimi nikala samaki.

Mtu ataniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na jibu langu ni dogo, linatia aibu. Kama ningekubali jina moja lilifichwa, Emong angeshinda yote: sensa, mvua ya mawe, na ndege zake za mwambani. Nani tena angenisikiliza nikiuliza "nani aliona"? Ningekuwa mzee mwingine tu kwenye benchi. Na wangechoka nami, nami ningebaki na kuta nne za Sofia. Nilimwachia mama wa watu tumaini la uongo ili nisikose mahali pa kukaa.

Alhamisi ya kumi na nne Norah hakuja na beseni. Alikuja na mfuko wa nguo na godoro dogo lililokunjwa.

"Nakwenda," akasema. "Kesho kuna mtumbwi ya kwenda visiwani. Nitauliza kisiwa moja moja. Bwire iko mahali." Akatoa lile gazeti la Emong lililochorwa mishale, limechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa. "Nyumba nimeachia jirani. Nikimpata, turudi wawili. Nikikosa, nakaa huko huko natafuta."

"Huyo ndiye mama!" Emong akapiga paja. "Watu wa gava wasikutishe."

Norah akanigeukia, akatabasamu. "Mzee, niambie mara ya mwisho nikiwa naenda. Walikuwa wangapi?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeibeba wiki tatu bila kujua nitaifanyia nini. Nilitazama godoro lile. Nikamwona mama huyu wa miaka hamsini na kitu akilala kwenye mchanga wa kisiwa cha watu, akiuliza habari za kijana aliyelala mwendo wa nusu saa kutoka tulipokaa. Nikasimama. Maneno ya kawaida yakakataa kutoka, kwa hiyo nikatumia yale niliyoyajua.

"Tanzia," nikasema.

Benchi zima likanigeukia. Hata Egesa aliacha nyundo.

"Inatangazwa, kwa kuchelewa na kwa aibu, kwamba Bwire wa Majanji alikufa maji siku ile ile pamoja na wale kumi na mmoja. Alikuwa wa kumi na mbili. Jina lake lilifutwa, na msomaji aliliona limefutwa, akanyamaza. Amezikwa hapa Busia, upande wa Kenya, namba arobaini na sita."

Nikafungua karatasi, nikaishika mbele ili wote wauone ule mstari mwekundu.

Nilidhani watanipiga mawe. Kumbe bunge lililipuka kwa shangwe. Emong alinikumbatia akaninyanyua kutoka ardhini. "Si nilisema? Si nilisema? Serikali imekiri!" Watu nisiowajua walitoka upande wa trela wakaja kunipa mkono. Egesa aliagiza chai ya wote. Mmoja akapiga picha karatasi, na kabla chai haijafika wa kumi na mbili alishakuwa wa arobaini, na kijiti cha makaburini kilishakuwa shimo la watu. "Hapana," nilisema, "ni mmoja, ni uzembe wa karani," lakini hakuna aliyenisikia. Kwa miezi yote niliyokaa benchi lile sikuwahi kupendwa kama dakika zile. Na sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata usiku wa kwanza nilipotoka kumzika Akello.

Norah alikuwa bado amesimama mahali pale pale. Alisubiri mpaka Emong aliponiachia.

"Hii karatasi," akasema, "ulikuwa nayo ile siku ya kwanza? Nilipokupa samaki?"

"Nilikuwa nayo, mama."

"Na Alhamisi zote?"

"Zote."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakulia. "Hawa wengine mimi siwaamini, naliwasikiliza tu. Ni wewe naliamini." Akajitwika godoro. "Nionyeshe."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele ingawa njia niliijua mimi. Mvua ilikuwa imekula rangi ya kijiti, lakini nne na sita zilisomeka. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Norah aliweka godoro chini, akaichomoa ile ramani ya Emong kutoka kifuani alikoifutika, akaipasua vipande vidogo, kisha akaanza kung'oa nyasi. Niliinama nimsaidie.

"Wacha," akasema. "Usishike."

Nikasimama kando. Alipomaliza, alikaa chini miguu ameinyoosha, kiganja kimoja juu ya udongo, akasema naye kwa Kisamia maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Baadaye sana akaniita bila kugeuka.

"Soma sasa. Soma vile unasomea watu wengine. Na ndugu zake uwataje."

Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye habari ziwafikie, alinipa majina nami nikayarudia nyuma yake, kwa nguvu, ingawa hapakuwa na mtu mwingine makaburini: Norah Nanjala, mama yake, wa Majanji. Ritah, aliyekuwa mchumba wake, wa Buteba. Mjomba wake Okumu. Wavuvi wote aliokuwa akivua nao. Nilisubiri, nikidhani bado kuna jina.

"Wameisha," akasema. "Sasa nenda."

Nilikwenda. Benchini nafasi yangu bado ipo, na Emong hutuma salamu kwamba mzee arudi, sasa ni shujaa. Sijarudi. Nikipita kule nasikia wakisema wale arobaini wamefika sabini, nami ndiye shahidi. Hakuna anayeuliza nani aliona.

Kazi yangu ilinipa mazoea mabaya: nilishaandika tanzia yangu mwenyewe, ili siku hiyo asije mtoto wa juzi akaivuruga. Chini ya habari ziwafikie niliandika binti yangu, halafu bunge lote la Busia. Jana niliitoa kwenye Biblia ya Akello. Bunge nililipiga mstari. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikitafuta jina la mtu mwingine hapa duniani anayestahili kuambiwa. Mwisho niliandika Norah Nanjala wa Majanji. Haji kunizika, najua, na simlaumu. Ila yeye lazima aambiwe siku hiyo hiyo.